Mpeni kijana wa Same kamera ya mtumba

Raba ya mahali panapokaa kidole gumba imebanduka na kurudishwa kwa gundi. Alama ya kitufe cha kufuta picha nayo imefutika. Chini, karibu na kifuniko cha betri, kuna mkwaruzo mrefu ambao muuzaji ameulaza mezani ili mteja asiuone mapema. Lakini ukiiwasha inaamka papo hapo, na ukibonyeza inaitika kwa mlio mkavu kama komeo la sanduku la bibi. Ni Nikon D3100, kamera iliyoingia sokoni mwaka 2010 ikiwa na megapikseli 14.

Tuseme mbele yake amesimama kijana aliyepanda basi Same asubuhi kuja Moshi kuitafuta, safari ya zaidi ya kilomita 100. Fedha anazo, za tangawizi ya msimu mzima. Pembeni rafiki yake anamnong'oneza: “Achana na huo mkweche. Kwa hela hiyohiyo unapata simu mpya yenye kamera tatu nyuma.”

Rafiki ana nia njema, ila ushauri wake ni mbovu. Kijana wa Same anayetaka kujifunza kupiga picha, hasa anayetaka siku moja alipwe kwa kazi hiyo, atafika mbali zaidi na DSLR ya daraja la chini yenye umri wa miaka kumi au kumi na mitano kuliko na simu mpya. Na atalala usingizi mnono kuliko mwenzake aliyechukua mkopo wa kausha damu ili anunue kamera ya kisasa kabisa. Wachaga huwatania Wapare kwamba ni wagumu wa kutoa fedha. Utani huo una chumvi nyingi, lakini ndani ya duka la kamera ugumu huo ni mali, na anayeuona kwa mwanawe asiukemee.

Bei ya kamera hizi haikuanguka kwa sababu ni mbovu. DSLR ni kamera ya kidijitali yenye lenzi ya kuchomoa na kioo cha kuakisi ndani yake. Kioo hicho hupeleka mwanga wa lenzi hadi kwenye kitundu cha jicho. Ukibonyeza, kinanyanyuka na mwanga unatua kwenye kihisi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa mali ya mashirika ya habari na watu wenye uwezo. Agosti 2003 Canon ikatoa EOS 300D kwa dola 899 za Marekani bila lenzi, na DSLR ikashuka chini ya dola 1,000 kwa mara ya kwanza. Nikon ikafuata na D70 mwaka 2004, kisha D40 mwaka 2006. Milango ikafunguka. Mwaka 2012, kilele cha biashara hiyo, viwanda vilisafirisha kamera za aina hii zaidi ya milioni 16 kwa mwaka mmoja tu.

Nyingi zilinunuliwa Ulaya, Marekani na Japani na wazazi waliopata mtoto. Zikapiga sherehe mbili tatu za kuzaliwa, zikawekwa kabatini. Simu zikawa nzuri. Mwaka 2018 Canon na Nikon zikaingia kwa nguvu kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani, na Desemba 2021 mkuu wa Canon, Fujio Mitarai, akasema kwamba EOS-1D X Mark III ndiyo itakuwa ya mwisho katika DSLR zao za daraja la juu kabisa. Wenye kamera za zamani wakaanza kuziuza, na zinatufikia kwa njia ileile ya mashati na friji. Nguo haijachakaa, mwenyewe ndiye aliyeichoka.

Afrika Mashariki ina mfano wake mkubwa wa mtu aliyeanza na kilichochokwa. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza utotoni na Box Brownie iliyokwishatumika, kijisanduku cha Kodak ambacho hata kikiwa kipya kilikuwa kamera ya watu wa kawaida. Mwaka 1963 alifungua Camerapix jijini Dar es Salaam, na miaka ishirini na moja baadaye picha zake za njaa ya Ethiopia ziliiamsha dunia. Hakungoja kamera ya kumfaa.

Sasa turudi Same, maana hapa ndipo hoja inaposimama au kuanguka.

Wilaya hii ni mbili ndani ya moja. Chini kuna tambarare kavu ya Makanya, Hedaru na Same mjini, vumbi jekundu na jua linaloifanya skrini ya simu ionekane kama kioo cheusi saa sita mchana. Juu kuna Mbaga, Chome, Suji, Vudee, migomba na ukungu, mpaka kilele cha Shengena chenye mita 2,463 juu ya usawa wa bahari. Kazi ya mpiga picha huku si moja. Jumamosi ni send-off mjini, Jumapili ni kipaimara mlimani, Novemba ni mahafali, na katikati kuna msiba ambao familia iliyotawanyika Dar na Mwanza inataka kumbukumbu yake. Pembeni ya mji, kilomita chache tu, kuna geti la Zange la kuingilia Mkomazi, pori la akiba tangu mwaka 1951 lililokuja kupandishwa kuwa hifadhi ya taifa, lenye zaidi ya kilomita za mraba 3,200.

Mkomazi ni mahali pa kwanza ambapo simu inaaibika. Huko kuna swala twiga, mnyama mwenye shingo ndefu anayesimama kwa miguu ya nyuma kama mtu ili ale majani ya juu ya mgunga. Yuko mbali, na ni mwoga. Ukimvuta kwa vidole kwenye skrini ya simu ya kawaida, anakuwa madoa ya rangi ya maji. Lenzi ya kawaida ya mtumba ya Canon, 55-250mm, ikifungwa kwenye kamera ndogo ya kampuni hiyo, humwona kwa upana ambao katika kamera ya filamu ya zamani ungehitaji lenzi ya 400mm, kwa kuwa kihisi chake ni kidogo na hukata kingo za picha kwa kipimo cha 1.6. Kasoro ya kihisi kidogo imegeuka faida. Ndivyo ilivyo pia kwa kindege wa msitu wa Chome mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, Zosterops winifredae kwa jina la kisayansi, asiyepatikana popote duniani isipokuwa Pare Kusini. Watalii wanavuka bahari kumtafuta. Watoto wa Chome wanamwona wakienda shule.

Hapo pana jambo linalopaswa kuwauma Wapare kidogo. Picha za kale za milima hii zilipigwa na wageni: wamisionari wa Leipzig walioingia Upareni mwanzoni mwa karne ya 20 walipiga makanisa, masoko na watu, na mkusanyo wao unatunzwa Ujerumani. Tunawashukuru, lakini walipiga walichokiona wao. Ndiva, mabwawa ya asili ambayo wazee walijenga kukusanya maji ya vijito usiku na kuyaachia asubuhi yashuke mashambani, zinahitaji mtu anayejua nani ana zamu leo na kwa nini mzee fulani amesimama pale kwenye mlango wa maji na si pengine. Mtu huyo ni mwenyeji, na hana bajeti ya mgeni.

Ndiva, kwa bahati nzuri, ni mwalimu bora wa upigaji picha kuliko vitabu vingi. Mwanga ni maji. Tundu la lenzi ni mlango wa ndiva: ukiufungua wote, shamba linashiba kwa muda mfupi, ukiufungua nusu, unasubiri zaidi. Kasi ya shata ni muda ambao mlango unakaa wazi. Kinachowachanganya wanaoanza ni kwamba namba ndogo, f/1.8, ndiyo tundu kubwa, na f/16 ni tundu dogo. Na ISO? Ni kulazimisha maji machache yafike shamba la mwisho. Yatafika, lakini na matope: ile chengachenga inayojaa kwenye sehemu za giza. Simu hufanya hesabu hii yote yenyewe na haimwambii mwenyewe ilichofanya. DSLR ya zamani ina gurudumu lenye herufi M, na kijana akikaa nalo miezi mitatu atajua kwa nini picha imeharibika kabla hajaitazama.

Chukua gauni la bibi harusi. Kipima mwanga cha kamera kimefundishwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni cha kijivu cha wastani. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu, kamera inaona mwanga umezidi, inaubana, na uso wa bibi harusi unazama gizani huku gauni likiwa rangi ya maji ya mchele. Mpiga picha wa simu atasema mwanga ulikuwa mbaya. Aliyejifunza kwenye kamera kuukuu atabonyeza kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, aongeze hatua moja, apige tena. Bwana harusi mwenye suti nyeusi anataka kinyume chake. Ni sekunde mbili za kazi, lakini ndizo zinazotenganisha albamu inayolipiwa na albamu inayogombewa.

Simu nyingi, kwa upande wake, zitaurekebisha uso huo bila kuombwa: zitaulainisha na kuung'arisha mpaka mama mkwe aulize huyu ni nani. Mwaka 2021 Google ilipotoa Pixel 6 iliweka ndani yake kazi inayoitwa Real Tone, ya kuonyesha ngozi nyeusi kama ilivyo. Hilo ni kukiri kwamba kwa miaka mingi mashine hizi hazikuwa zikituona vizuri. Kijana wa Same hana haja ya kungoja wahandisi wa California wakumbuke ngozi yake. Kitufe anacho.

Kanisani ndiko pagumu. Makanisa mengi ya mlimani yana madirisha madogo na paa la mbao, na saa nne ya asubuhi yenye ukungu ndani ni giza la chai ya rangi. Lenzi ya kawaida inayokuja na kamera, ile ya 18-55mm, ukiivuta hadi mwisho tundu lake haliendi zaidi ya f/5.6. Lenzi ya 50mm yenye f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi ya huo. Mara kumi! Ndiyo maana kijana mwenye kamera ya mwaka 2011 na lenzi hiyo atamshinda mwenye kamera mpya iliyobaki na lenzi ya boksini. Canon ilitengeneza toleo lake la bei ndogo tangu mwaka 1990 na kulifanyia upya mwaka 2015, na Wachina wa Yongnuo wana lao la bei ndogo zaidi. Mdomo wa kufungia lenzi wa Canon EF haujabadilika tangu mwaka 1987, kwa hiyo hata lenzi ya EF iliyozeeka kwenye kamera ya filamu ya baba mkubwa itaingia na kufanya kazi. Fedha ziende kwenye lenzi, kamera ichukue chenji.

Upande wa Nikon kuna mtego, na wengi wamenasa. D40, D60 na familia zote mbili za D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani ya kamera. Lenzi ya zamani ya 50mm f/1.8D itaingia vizuri, itapiga picha, ila haitafuata fokasi yenyewe. Kijana atazungusha kwa mkono huku watoto wa kipaimara wakimpita. Anayetaka Nikon hizo atafute lenzi yenye herufi AF-S. Muuzaji hatamwambia, si kwa ubaya. Mara nyingi naye hajui.

Wapo watakaosema: basi anunue mpya ya bei ndogo, apate waranti. Tuwatazame hao kwa mfano mmoja. Mwaka 2018 Canon ilitoa EOS 4000D, kamera mpya ya kuanzia. Mdomo wa kufungia lenzi ni wa plastiki, inapiga picha tatu kwa sekunde, na skrini yake ni ndogo na hafifu. EOS 700D ya mwaka 2013, iliyotangulia miaka mitano, ina megapikseli zilezile 18, mdomo wa chuma, picha tano kwa sekunde, na skrini ya kugusa inayofunguka na kugeuka pembeni. Mwaka 2019 ikaja EOS 250D, nzuri kwa mengi, lakini kile kipini cha katikati mahali pa kufungia flashi kimeondolewa, na flashi za bei nafuu za Kichina zinazotegemea kipini hicho haziitiki. Mwaka wa kutengenezwa si cheo. Ni tarehe tu.

Swali la megapikseli nalo limepotosha wengi. Canon EOS 1100D ya mwaka 2011 ina 12 tu, na vijana wanaicheka. Picha yake ina nukta 4,272 kwa 2,848. Karatasi ya A4 ikichapwa kwa ubora wa juu inahitaji 3,508 kwa 2,480. Inabaki chenji. Na picha nyingi za harusi za Same mwisho wake ni kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, ambako zinapunguzwa kabla hazijamfikia shangazi.

Kuna jambo la umeme pia. DSLR ukitazama kwa kitundu cha jicho haitumii skrini, na betri inakaa. Canon wenyewe wanaipa 1100D picha kama 700 kwa chaji moja. Nikon D3500 ya mwaka 2018, moja ya za mwisho za daraja hili na inayostahili kila shilingi ikipatikana, wanaipa 1,550. Mlimani ambako umeme unaweza kukatika tangu Ijumaa jioni, betri mbili zilizojaa zinamaliza harusi, na simu inabaki kwa ajili ya kupokea muamala. Ila betri iwe halisi au angalau isiyovimba. Betri ya zamani iliyovimba hukwama ndani ya kamera, na kuitoa kwa bisibisi ni njia ya haraka ya kurudi kwenye simu.

Kununua mtumba kunataka macho ya mnunuzi wa ng'ombe gulioni, anayefungua mdomo na kutazama meno kabla ya kuuliza bei. Lenzi ichomolewe, ielekezwe juu, tochi ya simu imulikwe kwa nyuma. Vumbi dogo si kitu. Nyuzi nyembamba zinazotambaa kama utando wa buibui ni kuvu, na kuvu haina dua. Kisha kamera ielekezwe anga tupu, tundu lifungwe hadi f/16, picha ipigwe na kukuzwa: madoa ya kijivu ni uchafu juu ya kihisi, husafishwa, lakini yanashusha bei. Nikon huandika ndani ya faili la picha idadi ya mara ambazo shata imefanya kazi, na programu za bure huisoma. Kamera za daraja hili zinahesabiwa kufikia mibonyezo kama 100,000. Kwa picha 500 kila harusi, hizo ni harusi mia mbili, kwa hiyo iliyokwishapiga 30,000 bado ni kijana. Za kale sana, kama 300D na D70, zitumike kwa mapenzi tu, kwani zinatumia kadi nene za CompactFlash ambazo kuzipata Same ni kama kupata samaki wa bahari Hedaru.

Na kamera isiyo na chaja, yenye picha za harusi ya watu wengine kwenye kadi, ikiuzwa na mtu mwenye haraka, ina mwenyewe anayeitafuta. Namba ya kamera yoyote inayonunuliwa iandikwe kwenye risiti, na risiti iwe na jina la duka. Wanaotangaza mtandaoni kwa bei ya kutupa na kutaka “tuma ya kutolea kwanza” wana kazi yao nyingine.

Haitakuwa haki kuficha upande wa pili. Kwa video, simu ya leo inazishinda nyingi za kamera hizi: inatulia mkononi, inafuata uso, inatuma papo hapo. 1100D haina hata tundu la kuchomeka maikrofoni. Anayelazimika kupiga video atafute 550D au 600D, ambazo zinalo. Kwenye giza la kweli ISO 3200 ya D3100 ina matope mengi. Nyingi hazina Wi-Fi, na picha zinahamia kwenye simu kwa kisoma kadi na waya mfupi wa OTG, jambo linalomkera mteja anayezitaka jioni ileile. Tena, kamera ikifa shata, fundi wa kuibadilisha si wa Same, na gharama yake mara nyingi inakaribia bei ya kamera nyingine ya mtumba. Hapo hununuliwa nyingine, na lenzi zinahamia juu yake. Ndiyo maana lenzi ni mtaji na kamera ni jembe.

Milima yenyewe inadai adabu yake. Anayeshuka Chome alfajiri na kamera iliyolala kwenye baridi, akaingia ghafla kwenye jiko lililojaa watu na sufuria za makande, atakuta lenzi imevaa ukungu ndani na nje. Akiifuta kwa shati anasugua vumbi la Makanya juu ya kioo. Aiache ndani ya mfuko uliofungwa nusu saa ipate joto taratibu. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyotupwa kutoka kwenye maboksi ya viatu vinatosha kuipa lenzi miaka ya ziada, na bei yake ni kumwomba muuza viatu. Na lenzi isibadilishwe barabarani basi likipita.

Kijana wetu, tuseme, amenunua. Amebishana, amepunguziwa, amepewa chaja na kadi, na ule mkwaruzo umegunduliwa ukakata bei tena. Kwenye basi la kurudi amekaa upande wa kushoto makusudi, kwa sababu jua la jioni linatoka kulia na Milima ya Pare inawaka yote kuanzia Mwanga. Anapiga kupitia dirishani: Usangi juu kule, mashamba ya mkonge Kisangara, mbuzi, treni ya mizigo, mama mwenye ndoo. Lembeni basi linaposimama anatazama alichovuna. Picha kumi na mbili, zote zina ukungu.

Rafiki yake anachungulia, hasemi kitu, ila uso wake unasema.

Kijana anaigeuza kamera, anaipapasa lenzi ubavuni. Kuna swichi ndogo yenye herufi mbili, A na M. Imekaa kwenye M, fokasi ya mkono, pengine tangu siku mwenyewe wa kwanza alipoiweka kabatini. Anaisukuma irudi A, ananyanyua, anabonyeza nusu. Lenzi inanguruma kidogo, mlima unakaa sawa kwenye kitundu, na basi linaondoka.